Panya wa Juu, Panya wa Chini

Mtu akiniambia mimi ni mkali, nakubali. Akiniambia nasema sana, nakubali pia. Lakini aniambie mkono wangu unatetemeka nikishika pipeti, hapo tutagombana mpaka majirani waje kuamua. Mkono huu ndio ulionipa kazi, na kwa miaka tisa haujamwaga tone lisilotakiwa kumwagwa. Ndiyo maana siku ile Dokta Gidioni alinichoma moyo, na ndiyo maana haya yote yakajulikana.

Ilikuwa mwaka 1998, mvua za Elinino zimekwisha lakini barabara ya Uru bado ina mashimo ya kumficha ndama. Mimi, Mektrida, nilikuwa fundi sanifu katika maabara ndogo ya utafiti mjini Moshi, vyumba vitatu vya bati nyuma ya maghala ya kahawa. Dokta Gidioni alikuwa mtu wa Dodoma, mrefu, mpole, bado anasomea uzamivu ingawa sote tulishamwita Dokta, na swali lake lilikuwa moja tu: je, magome ya mti fulani yanaumiza figo?

Mti wenyewe sitautaja. Nikiutaja wapo watakaokimbia kuununua na wapo watakaokimbia kuukata, na wote siwataki mlangoni kwangu. Tuseme ni mti wa kwetu, magome yake yanachemshwa mpaka maji yawe mekundu, machungu balaa, watu wanakunywa kwa ajili ya magoti. Zamani waliujua wazee wachache. Biashara ilipofunguliwa kila mtu akawa mfanyabiashara, na magome yakaanza kuuzwa sokoni kwenye mifuko ya nailoni, kando ya viatu vya mtumba na redio za kaseti.

Na mama yangu alikuwa anayanywa.

Mama alikuwa Uru, nyumbani kwetu mlimani, na kwa miaka miwili magoti yake yalikuwa yamevimba kiasi kwamba alikwenda kumkamua ng'ombe kwa kutambaa. Mama yangu, aliyekuwa akibeba mkungu wa ndizi kichwani huku akiimba! Halafu jirani akamletea magome. Baada ya miezi mitatu alishuka kwa miguu mpaka kanisani, akasali misa yote, akapanda tena mpaka nyumbani bila kushikwa mkono. Siku ile nililia barabarani mbele ya watu. Kwa hiyo Dokta alipotafuta fundi wa kumpimia panya wake, sikungoja kuombwa. Nilitaka kujua. Na niseme ukweli wote: nilitaka kujua kwamba dawa ya mama ni safi.

Panya walikuwa ishirini na wanne, weupe, wawili wawili katika vizimba kumi na viwili. Vizimba vilikaa kwenye rafu ndefu ya chuma yenye ngazi mbili, iliyoegemea ukuta kutoka mwanzo wa chumba mpaka mwisho wake. Ngazi moja vizimba sita, ngazi ya pili sita. Nusu ya panya wapewe maji ya magome kila siku, nusu wapewe maji matupu, kwa wiki sita, kisha tuwalinganishe figo. Dokta mwenyewe hakuweza kuingia mle. Akiwasogelea panya tu, pua inamfungulia bomba na macho yanavimba kama ya mtu aliyefiwa. Kwa hiyo alibandika karatasi mlangoni, herufi kubwa: WA JUU – DAWA. WA CHINI – MAJI. Kazi akamwachia Mzee Eliona.

Mzee Eliona alikuwa mtunzaji wa panya wetu, mtu wa Old Moshi, Mlutheri wa kuimba kwaya, aliyefanya kazi kwenye josho la ng'ombe mpaka josho likafa. Kila alasiri aliwanywesha panya mmoja mmoja kwa bomba la sindano lisilo na ncha, akiwasemesha Kichagga kana kwamba ni wajukuu. Mimi nilifika asubuhi tu, kuchukua mkojo. Si kazi ngumu. Panya ukimshika vizuri anakojoa mwenyewe kwa hofu, wewe unakinga kijichupa chini, unaandika namba, basi.

Sasa niwaeleze kipimo, maana hapa ndipo raha yangu ilipo. Figo ni kung'uto. Inachuja damu, uchafu unashuka kwenye mkojo, vitu vizuri vinabaki. Kitu kizuri kimojawapo ni protini inayoitwa albumini. Kung'uto likitoboka, albumini inavuja, na hata kabla panya hajaonyesha dalili yoyote ya ugonjwa utaikuta kwenye mkojo wake. Lakini haina rangi wala harufu. Utaionaje?

Unaitega. Unachukua sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, kila kimoja hakizidi ncha ya kidole. Ndani yake pamepakwa kingamwili, kitu kinachonasa albumini ya panya na hakinasi kingine, kama ulimbo uliotengenezwa kwa ajili ya ndege wa aina moja. Unatia mkojo, unangoja, unaosha. Kisichonaswa kinakwenda na maji. Kisha unatia kingamwili cha pili kilichobeba kimeng'enya, nacho kinamdandia yule aliyenaswa. Unaosha tena. Mwisho unatia dawa ya rangi, na vile vishimo vinaanza kugeuka samawati, polepole, kimoja hapa, kimoja pale. Ukidondoshea asidi samawati inaruka kuwa njano. Njano ikikolea, albumini ni nyingi. Nimekifanya kipimo hicho mara mia na zaidi, na bado dakika ile ya rangi huwa sipumui. Wenzangu walikiita Elaiza, na mimi nilikuwa nikiwaambia nyumbani, "Leo nashinda na Elaiza," mpaka shangazi akauliza ni mtoto wa nani.

Ijumaa ya wiki ya sita nikatega mkojo wa panya wote ishirini na wanne kwa mpangilio wa namba. Rangi ikatoka. Panya namba moja hadi sita, njano iliyokolea. Saba hadi kumi na mbili, weupe kama maji. Kumi na tatu hadi kumi na nane, njano. Kumi na tisa hadi ishirini na nne, weupe. Nikaitazama ile sahani mpaka shingo ikauma. Kwa orodha ya Dokta, kumi na wawili wa kwanza walikuwa wa dawa na kumi na wawili wa mwisho walikuwa wa maji. Kwa hiyo nusu ya waliokunywa dawa walikuwa wagonjwa, na nusu ya waliokunywa maji nao wagonjwa.

Dokta akaingiza namba kwenye kompyuta, akapiga wastani. "Hakuna tofauti," akasema. "Dawa na maji ni sawasawa."

Mimi nikasikia hilo tu. Hakuna tofauti! Moyo uliruka.

"Ila," akaendelea, akinionyesha karatasi, "tazama namba zilivyopishana ndani ya kundi moja. Hii si kazi ya figo, Mektrida. Ni mkono. Umeosha mistari mingine vizuri na mingine vibaya. Jumatatu urudie."

"Mkono wa nani?"

"Sisemi kwa ubaya."

"Basi usiseme kabisa," nikamwambia, nikavua koti jeupe nikalitundika kwa kishindo. Uzamivu wake haukunitisha.

Lakini Jumamosi nilipanda Uru nikiwa na ile nusu ya habari iliyonipendeza. Mama alikuwa jikoni anakoroga mtori wa ndizi, amesimama wima kama mlingoti. Nikamwambia, "Mama, tumepima. Kunywa bila wasiwasi, dawa yako ni safi."

Akaacha mwiko ndani ya chungu. "Wamesema hivyo? Hao wasomi?"

"Nimepima mwenyewe."

Alinishika mashavu kwa mikono yote miwili yenye harufu ya ndizi. Akashukuru Mungu, akamshukuru Bikira Maria, akawatukana kidogo majirani waliokuwa wakimtisha. Kisha akaniambia kwamba kama ni safi, basi kuanzia leo atakunywa bakuli mbili badala ya moja, maana goti la kushoto bado linamsumbua wakati wa baridi. Nikasema sawa. Mimi huyu, kwa mdomo wangu, nilisema sawa.

Jumatatu nikarudia kipimo kwa hasira. Na kwa kuwa mtu mwenye hasira ana ujanja, sikuwapanga panya kwa namba. Nikaandika namba zao kwenye vipande vya karatasi, nikaomba kofia ya Mzee Eliona, nikavichanganya na kuvitoa kimoja kimoja, na kwa mpangilio huo nikajaza vishimo. Hoja yangu ilikuwa rahisi. Kama kosa ni la mkono, njano itarudi palepale kwenye mistari ileile ya sahani. Kama kosa si la mkono, njano itamfuata panya wake popote atakapokaa.

Rangi ikatoka madoadoa, njano hapa, weupe pale, huwezi kujua kichwa wala miguu. Nikashika orodha nikaanza kusoma kishimo kwa kishimo. Njano: panya wa tatu. Njano: wa kumi na sita. Weupe: wa tisa. Njano: wa kwanza. Nilipofika mwisho walikuwa walewale, wote kumi na wawili, hata mmoja hajakosekana.

"Mkono wangu ni safi!" nikapiga kelele peke yangu maabara nzima. "Safi!"

Sikwenda kumwambia Dokta. Hapana. Kumshinda mtu nusu hakunitoshi, na isitoshe sasa nilikuwa nimeshikwa na udadisi, ule wa kumnyima mtu chakula. Panya aliyekunywa maji matupu kwa wiki sita figo yake inavujaje? Chakula ni kimoja. Maji yanatoka bomba moja. Nikachora rafu kwenye daftari, ngazi mbili, vizimba sita kila ngazi, nikapaka kalamu nyekundu kila kizimba cha panya wa njano. Loo! Wekundu wote ulikusanyika upande mmoja wa chumba, vizimba vitatu vya ngazi ya juu na vitatu vilivyo chini yake, upande ule unaoelekea mlimani. Upande wa mjini hapakuwa na doa.

Nikasema nimepata. Ni baridi. Upepo wa mlima unapenya kwenye bati, unawapiga panya wa upande ule, figo zinaumia. Nikajiona mtaalamu. Nikabeba kipimajoto nikaenda chumba cha panya saa tisa alasiri, saa ambayo kwa kawaida siendi, nikakiweka upande wa mlimani robo saa, kisha upande wa mjini robo saa. Joto lilikuwa lilelile. Nikabaki nimesimama na kipimajoto changu kama mtu aliyealikwa harusi akakuta tarehe si yenyewe.

Mzee Eliona akaingia na jagi la magome na bomba lake la sindano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mchana, kuna nini?"

"Natazama tu."

"Haya, tazama. Kutazama hakulipiwi."

Akaanza upande wa mlimani, ngazi ya juu. Akamtoa panya wa kwanza, akamtuliza, akamtia dawa mdomoni, akamrudisha. Wa pili. Kizimba cha pili, cha tatu. Nilidhani atasogea kwenye cha nne. Badala yake aliinama, magoti yakalia, akafungua kizimba cha ngazi ya chini, akamtoa panya wa kumi na tatu na kumpa dawa.

"Mzee!" nikasema. "Huyo ni wa maji."

"Wa maji wapi? Huyu si wa juu?"

"Umeinama, mzee wangu. Mtu wa juu unamwinamiaje?"

Alinitazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekuwa akimtegemea. "Mektrida. Mlima uko wapi?"

Chumba kile hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na bati, rafu na kalenda ya mwaka juzi. Lakini mkono wangu ulinyooka wenyewe kuelekea ukuta, bila kufikiri.

"Basi huko ni juu," akasema. "Na mjini?"

Mkono ukageuka.

"Huko ni chini. Karatasi mlangoni inasemaje?"

Jamani. Mtu asiyezaliwa mlimani atadhani mzee alikuwa mjinga, na akisema hivyo mbele yangu atanikuta. Sisi ndivyo tulivyolelewa. Kanisani ukitaka nafasi kwenye benchi unamwambia mwenzako asogee juu kidogo, naye anasogea upande wa mlima, benchi likiwa limenyooka kabisa. Mama akinituma kijiko anasema kiko upande wa chini wa meza. Nimeisoma ile karatasi kila asubuhi kwa wiki sita nikaona iko sawa, kwa sababu sikuwahi kujiuliza inasema nini. Lakini Dokta Gidioni ametoka Dodoma, kwenye nchi tambarare, na huko juu ni kule inakotoka mvua.

Nikaketi sakafuni nikacheka. Nilicheka mpaka panya waliokuwa wamelala wakaamka na kutoa pua. Mzee Eliona naye akacheka kwa heshima, ingawa hakujua tunacheka nini. Halafu, katikati ya kicheko, hesabu ikajipanga kichwani yenyewe.

Waliokunywa dawa kwa kweli ni wa upande wa mlimani. Kumi na wawili. Wote njano. Waliokunywa maji ni wa upande wa mjini. Kumi na wawili. Wote weupe. Hakuna hata mmoja aliyevuka.

Kicheko kiliniishia mdomoni. Bakuli mbili. Nilikuwa nimemwambia mama anywe bila wasiwasi, na sasa ana siku ya tatu anakunywa bakuli mbili.

Nitasema jambo ambalo sijivunii. Nilikaa pale sakafuni kitambo nikifikiri kunyamaza. Dokta alikuwa tayari kuandika hakuna tofauti. Mzee hakujua kitu. Mama alikuwa anatembea. Nani angejua? Niliogopa, nikajichukia kwa kuogopa, nikasimama.

Nilimwita Dokta, akafika mpaka mlangoni, leso puani, chafya tatu kabla ya salamu. Nikamwonyesha mchoro. Nikamwonyesha sahani ya pili. Nikamwomba Mzee Eliona aonyeshe juu ni wapi, naye akanyoosha kidole ukutani.

"Lakini juu ni juu!" Dokta akasema, akielekeza kidole kwenye bati la paa.

"Huko ni darini, Dokta," Mzee Eliona akamjibu kwa upole.

Dokta akalitazama paa, akapiga chafya. Kisha akachukua daftari langu akapanga namba upya palepale, karatasi ikiwa juu ya goti. Mzee Eliona alikuwa amevua kofia ameishika kifuani. "Nimeharibu kazi?" akauliza.

"Hapana, mzee. Umefanya kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi." Akanigeukia. "Na mkono wako, Mektrida, nisamehe. Nilikosea."

Siku nyingine ningemfanya arudie mara mbili nisikie vizuri. Siku hiyo nilimwambia tu, "Mama yangu anakunywa hiyo. Bakuli mbili kwa siku."

"Tangu lini?"

"Bakuli moja tangu mwaka jana. Mbili tangu mimi nilipomwambia kwamba dawa ni safi."

Aliniuliza uzito wa mama, nikasema haufiki kilo hamsini na tano. Aliuliza bakuli ina ukubwa gani, nikamwonyesha kwa mikono. Akapiga hesabu kando ya mchoro wangu. Nilimwona akiipiga mara ya pili, na mtu hapigi mara ya pili hesabu iliyompendeza. "Kwa kila kilo anakunywa zaidi ya panya," akasema. "Panya si mtu, tutarudia jaribio lote na panya wapya, tutaandika vizuri safari hii. Lakini wewe usingoje. Nenda leo."

Nilifika Uru jua halijazama. Mama alikuwa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, anamkatia ng'ombe majani ya mgomba, anazunguka migomba kwa miguu yake, haraka haraka, panga mkononi. Hilo ndilo lililoniumiza. Angekuwa amelala kitandani ningesema kwa urahisi.

"Umerudi siku ya Jumatatu," akasema. "Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, mama. Keti kidogo."

"Nikikaa ng'ombe atakula nini? Sema nikiwa nimesimama."

Nikamwambia. Nikamwambia habari ya rafu, ya juu na ya chini, naye akacheka sana, akasema huyo mtu wa Dodoma angemuuliza mtu yeyote barabarani. Nikamwambia njano. Hakuelewa njano, na mimi nikitaka aelewe nikatafuta kitu cha kuonekana kwa macho. "Mama, ile protini ikiwa nyingi kwenye mkojo, hata bila mashine utaiona. Mkojo unatoa povu. Povu lisiloisha, kama la pombe ya mbege iliyomwagwa."

Panga likashuka. Akaliegemeza kwenye mgomba, taratibu, akaketi juu ya majani aliyokuwa ameyakata.

"Povu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ninalo. Tangu Kwaresma."

Kwaresma ilikuwa imepita miezi mitano. Mficha maradhi kifo humuumbua, yeye ndiye aliyenifundisha methali hiyo, alikuwa akituimbia tukiwa na homa na hatutaki kwinini.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza, na nilimuuliza kwa ukali, kwa sababu nilikuwa nataka kulia. "Binti yako anashinda anapima mikojo ya panya, na wewe una povu miezi mitano!"

"Ningekuambia," akasema, "ungeninyang'anya miguu."

Tukakaa palepale kwenye majani, mimi na yeye, mpaka ng'ombe akaanza kulia njaa.

Kesho yake nilimshusha mjini. Mkojo wake haungeweza kupimwa kwa sahani yangu, kwa sababu ulimbo ule unanasa albumini ya panya tu, lakini kwa mtu kuna njia ya zamani: unadondoshea asidi, na mkojo ukichafuka kama maji ya kuoshea mchele, protini ipo. Wake ulichafuka kabla sijatikisa. Daktari alisema figo zimeumia lakini hazijafa, aache magome siku hiyohiyo, na baada ya hapo tutazame. Akaacha. Mpaka wakati wa kuchuma kahawa magoti yalikuwa yamevimba upya, na kanisani hakwenda tena. Alininunia zaidi ya miezi mitatu. Nilipanda kila Jumapili, akaniandalia chakula, akakaa kimya nikikila.

Dokta Gidioni alirudia jaribio lake na panya wapya, na karatasi ya mlangoni safari hii niliiandika mimi, kwa namba za vizimba. Jibu lilikuwa lilelile. Kisha akafanya jambo ambalo mimi ndiye niliyemwomba: wale wapya kumi na wawili waliokunywa dawa tuliwaachisha, tukawapima kila wiki kwa wiki nane, tuone kama kung'uto lililotoboka linaweza kujiziba. Nilimsimulia mama mpango huo, akaendelea kumenya ndizi.

Jumapili iliyofuata wiki ya nane nilimkuta mama ameketi mlangoni, mguu mmoja juu ya kigoda. Nilimwamkia, akaitikia, nikaingia jikoni. Nilidhani kimya kitaendelea.

"Wale panya," akaniita. "Mlioacha kuwapa."

Nikatoka. "Ndiyo, mama."

"Wanaendeleaje?"

"Tisa wamerudi weupe. Watatu bado njano."

"Tisa kati ya wangapi?"

"Kumi na wawili."

Akafikiri. Alihesabu kwa vidole, akaanza upya, akatazama goti lake lililovimba, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamwona ana ule uso wake wa zamani, wa mtu anayetaka kujua jambo mpaka mwisho.

"Tisa si haba," akasema. Akaingiza mkono nyuma ya kigoda, akatoa kikombe cha bati kilichofunikwa kwa jani la mgomba, akaninyooshea. "Ni wa asubuhi hii. Nenda kapime. Na usinifiche."